Jina Lililotiwa Kufuli

Katika pwani yetu ya Mtwara, hata kufika mlango wa mto Ruvuma, nyumba nyingi hazina kitabu cha ukoo. Habari za ukoo hukaa katika vichwa vya wazee, na mzee azikwapo huzikwa nazo. Sisi tunaoandika haya tu ndugu wawili wa tumbo moja, sote walimu. Bibi yetu mzaa mama ni mzee sana. Macho yake yamefifia, lakini kumbukumbu yake ni nzima. Basi twalikusudia kuziandika habari zake kabla hazijapotea, tena kuziandika katika kompyuta, kwa programu iitwayo Gramps.

Programu hii ilianza kutungwa mwaka 2001, nayo hutolewa bure. Jina lake ni kama mtoto wa Kiingereza amwitavyo babu yake kwa mapenzi. Ikiisha kuingizwa katika kompyuta haihitaji mtandao, na jambo hilo ndilo lililotuvuta, maana kijijini kwetu mtandao huja na kutoweka. Siku moja tulipokuwa Mtwara mjini twalizipakua kurasa za mwongozo wake, tukazitia katika flashi, tukarudi nazo. Kila jioni, tulipokwisha kusahihisha madaftari, mmoja wetu alisoma mwongozo kwa sauti, kamusi ya Kiingereza mkononi, na wa pili aliandika, mpaka betri ya sola ilipochoka.

Mwanzoni twalikosea mara mbili. Kwanza, twaliandika watu arobaini, kila mmoja na namba yake, tukafurahi. Hata tulipotaka kuutazama mti wa ukoo, hapakuwa na mti. Watu wote walisimama peke yao kama abiria wasiojuana. Ndipo tulipousoma ukurasa tuliouruka kwa haraka: haitoshi kumwandika mtu, yapasa kuandika na jamaa yake, yaani baba, mama na watoto katika fungu moja.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Mahali pa jina la ukoo twaliandika jina la baba wa kila mtu, kama tufanyavyo katika daftari la shule. Tulipomsomea Bibi orodha, alisikiliza, kisha akauliza, "Wajukuu zangu, mbona watoto wangu mmewatawanya?" Alikuwa na haki. Kwa desturi ya Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno. Twalitafuta tena katika mwongozo, tukaona kwamba programu yenyewe inalo neno la ukoo urithiwao kwa mama. Sisi tu hatukulichagua. Tukaandika upya yote.

Baada ya hapo kazi ilikwenda vizuri. Mdogo wake Bibi alizaliwa wakati wa mradi wa karanga, nasi twaliweza kuandika "kati ya 1947 na 1951" pasipo kubuni mwaka. Kwa jamaa zetu Waislamu, tarehe ya Kiislamu hukubaliwa kama ilivyo. Baba yake Bibi alizaliwa Kionga, ng'ambo ya mlango wa mto, kabla ya 1916. Wakati ule Kionga ilikuwa chini ya Wadachi. Mwaka 1916 Wareno waliitwaa, nayo leo ni Msumbiji. Programu huruhusu mahali pamoja kuandikwa chini ya dola mbalimbali, kila moja kwa miaka yake. Tena mwongozo wafundisha kwamba kila habari iwekewe shahidi: ama kitabu cha ubatizo, ama kinywa cha mzee fulani, siku fulani.

Hata tukafika kwa bibi wa mama yake Bibi, na hapo mambo yakawa mazito. Bibi alisema kwamba mama yule hakuzaliwa pwani. Aliletwa angali msichana, amefungwa kamba pamoja na wengine, kutoka bara ya mbali, akanunuliwa karibu na Mikindani. Biashara hiyo katika nchi ya Ruvuma si hadithi tu. Livingstone alipopita mwaka 1866 aliiona na kuiandika. Watoto wa mama yule walihesabiwa katika ukoo wa nyumba iliyomnunua, nasi tu wajukuu wa watoto hao.

Mjomba wetu alikuwapo. Uso wake ulibadilika. Alisema, "Msiliandike hilo. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1922, lakini midomo ya watu haikukomeshwa. Kesho mtu atasema hatuna ukoo, na mikorosho yetu si yetu." Hofu yake haikuwa upuuzi. Wazee husema, "Mwacha asili ni mtumwa," na mithali hiyo huwauma wengi ambao hawataki kueleza sababu.

Twaliona njia ya katikati. Katika programu hii kuna alama ya kufuli. Habari iliyotiwa kufuli yaweza kuachwa nje wakati wa kuchapa au kuwapa wengine nakala. Twaliitia alama ile, tukamweleza Bibi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Alikwisha kufungwa mara moja, nanyi mwamfunga mara ya pili? Yeye hakuiacha asili yake; alinyang'anywa."

Hakuna aliyejibu. Mjomba aliondoka, akaenda kutazama mikorosho. Baada ya siku mbili alirudi, akaketi karibu na Bibi, akasema, "Mfungueni." Basi tukaiondoa kufuli. Jina lake liko katika nakala ya nyumba yetu, na mahali pa ukoo wake pako wazi, kwa kuwa hapana ajuaye kwao. Lakini habari za namna hii za nyumba nyingine, tulizozisikia katika kuuliza, tumeziacha chini ya kufuli. Siri yetu ni haki yetu kuifungua. Siri ya jirani si yetu.

Twajua kwamba Mtume Paulo alimwonya Timotheo juu ya nasaba zisizo na mwisho, nasi hatutafuti fahari. Lakini Mathayo naye alianza Injili yake kwa ukoo, akawataja humo Tamari, na Rahabu, na Ruthu mgeni, na mke wa Uria. Angeweza kuwaficha, wala hakuwaficha.

Basi, mpenzi msomaji, kama huna kompyuta, twaa daftari. Mwulize mzee wako angali hai. Andika jina la mama kabla ya yote, na ukutane na jambo zito, usilifute upesi. Ukipata kompyuta, soma mwongozo kwa taratibu, wala usiache kuweka nakala mahali pa pili, maana mchwa na mvua havichagui kati ya karatasi na mashine.

Bibi yetu angali hai. Jioni nyingine hutuambia tumsomee majina yote tangu mwanzo, nasi huanza na lile.