Dawa Kwanza, Treni Baadaye

Mwezi huu nimeomba ukurasa mmoja niwaeleze habari ya treni iliyoko Nyakabanda, Kigali. Najua kuna atakayesema mwalimu ameanza kuota, maana Rwanda hakuna reli. Ni kweli. Wajerumani walianza kujenga moja kutoka Tabora kuja huku mwaka 1914, vita vikazuka, kazi ikafa. Mwaka 2018 Rwanda na Tanzania zilikubaliana kujenga ya kutoka Isaka mpaka Kigali, lakini mpaka leo hakuna treni iliyopiga honi Kigali.

Treni ninayoisema mimi iko juu ya ubao, kwenye baraza ya mjomba wangu. Kichwa chake kina urefu wa sentimita 30. Mabehewa yake yametengenezwa kwa bati la makopo, na magurudumu ni vifuniko vya chupa za soda. Wenyewe ni watu wazima wanne. Wote wanne ni wagonjwa wa moyo, na walifahamiana kwenye benchi la kliniki, wakisubiri kuitwa.

Niwaeleze mmoja mmoja, bila majina. Mjomba wangu ana presha ya siku nyingi. Wa pili tunamwita Mzee wa Kalemie, baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli kule, na yeye moyo wake umepanuka. Wa tatu ni Mzee wa Kigoma, Mrundi aliyekulia Tanzania, ana presha na moyo umechoka kusukuma damu. Wa nne ni kijana Mnyarwanda, jirani, fundi wa simu. Huyo alipasuliwa moyo Khartoum, Sudan, kwenye kituo cha Salam ambacho shirika la Emergency la Italia lilikifungua mwaka 2007 na kutibu watu wa nchi nyingi bila malipo. Aliwekewa vali ya chuma, yaani ule mlango mdogo unaoruhusu damu kupita na kuizuia isirudi nyuma. Ukikaa karibu naye mahali pa kimya, unaisikia: tik, tik, tik. Mzee wa Kalemie alivyoisikia mara ya kwanza akasema, "Hiyo ni sauti ya gurudumu likipita kwenye kiungo cha reli. Wewe kijana usitoke hapa, wewe ni wetu."

Wanakutana Jumapili mchana. Kila mmoja anakuja na alichonunua au alichookota. Siku nyingine ni mota ndogo iliyotolewa kwenye redio ya kaseti iliyokufa, imenunuliwa kwa fundi wa Biryogo. Siku nyingine ni spoku za baiskeli za kufanyia ekseli, au taa ndogo sana ambazo kijana anazitoa kwenye simu mbovu. Kitu kinapitishwa mkono kwa mkono, kinageuzwa, bei inatajwa, halafu wanaanza: umepigwa, hiyo ungeipata kwa nusu ya bei! Yaani ni furaha ya watoto, kumbe ni wazee wenye wajukuu.

Lakini kuna sheria, na ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Kabla hujaonyesha ulichonunua, unaonyesha dawa. Unatoa pakiti mfukoni, mwenzako anahesabu vidonge vilivyobaki. Kama hesabu haikubali, kitu chako kinakaa ndani ya mfuko mpaka ueleze. Juu ya ukuta wameandika kwa chaki: DAWA KWANZA, TRENI BAADAYE.

Sheria hiyo aliileta Mzee wa Kigoma mwenyewe, na sababu yake anaisimulia bila kuficha. Kuna wakati alijisikia mzima kabisa. Kichwa hakiumi, anapanda mlima wa Nyakabanda bila kusimama. Akasema, nimepona, hivi vidonge ni vya nini tena? Wakati huohuo akaona mahali pa mitumba treni ya plastiki, kichwa na mabehewa matatu, ya kutoka Ulaya. Pesa ya nauli ya kliniki na ya kuchangia dawa ikaenda hapo. Ilipita kama miezi miwili. Kwanza viatu vikaanza kumbana, miguu imevimba. Halafu akawa hawezi kulala chali, akilala anahisi kama anazama majini, basi analala amekaa, ameegemea ukuta. Walimpeleka hospitali usiku, akalazwa wiki mbili. Alipotoka akaja na ile treni ya plastiki, akaiweka mbele ya wenzake na kusema, "Hii ndiyo treni ghali kuliko zote duniani."

Mimi nimejifunza kwao kwamba presha haina kengele. Unaweza kujisikia mzima na huku inakula mishipa. Kidonge cha presha si kama cha kichwa, kwamba ukipona unaacha. Unajisikia mzima kwa sababu unakunywa dawa. Na ukiwa peke yako ni rahisi kujidanganya, lakini ni vigumu kuwadanganya watu watatu wanaohesabu vidonge.

Sasa nije kwenye yangu. Mimi ninafika Nyakabanda kwa sababu ya mdogo wangu, msichana wa miaka 13, ambaye wengi wenu mnamwona kwenye darasa la hapa kambini. Ugonjwa wake ulianza na koo. Koo likapona. Baada ya muda goti likavimba, likapoa, likavimba la pili, na homa juu. Baadaye akawa anachoka hata kubeba kidumu cha maji cha lita tano. Daktari akatueleza: kuna kijidudu cha koo kiitwacho streptokoka. Kikikaa bila kutibiwa, kwa watoto wengine kinga ya mwili inapopigana nacho inakosea shabaha na kushambulia vali za moyo. Inawapata zaidi watoto wa miaka 5 mpaka 15. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu, kwa sababu unaumiza hasa watoto wa maskini, wale wanaolala wengi kwenye chumba kimoja. Sisi tunajua tunavyolala.

Dawa yake ni sindano ya penisilini, kila baada ya wiki nne, kwa miaka mingi. Kazi ya sindano ni kuzuia kile kijidudu kisirudi kuharibu zaidi. Na inauma jamani, ni dawa nzito, paja linakaa limekaza siku mbili. Sindano tunachoma hapa kambini. Kila baada ya wiki kumi na mbili tunateremka Nyabugogo na basi, tunalala kwa mjomba, asubuhi tunakwenda kupima moyo hospitali.

Wazee walipomwona mara ya kwanza wakamuuliza, "Binti, wewe umeleta nini?" Hakuwa na kitu. Lakini alikumbuka makopo ya zamani ya mafuta, yale ya siku za mgao wa chakula kabla ya kupewa pesa. Mama anayo, anayahifadhia maharage. Mzee wa Kalemie akampa kazi: kila sindano, behewa moja. Ukichomwa, kata bati, kunja, na chini ya behewa uandike tarehe kwa msumari. Wiki nne, behewa moja. Wiki kumi na mbili, mabehewa matatu. Kwa mwaka mzima, 13.

Hapo wakamfundisha na kipimo. Ulaya watu wazima wana mapenzi ya treni ndogo tangu zamani. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilianza kuuza reli za vipimo maalumu mwaka 1891, na Frank Hornby wa Liverpool akaanza kuuza treni zake mwaka 1920. Kipimo kinachopendwa sana ni moja kwa 87. Wazee wetu wanatumia moja kwa 50, kwa sababu mikono yao inatetemeka, hawawezi vitu vidogo sana.

Ila upana wa reli uliwagombanisha jioni nzima. Reli ya zamani ya Tanzania, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1000. Gawanya kwa 50, unapata 20. Ya Kongo ni milimita 1067, unapata 21 na kidogo. Mzee wa Kigoma anataka 20, Mzee wa Kalemie anataka 21. Milimita moja! Sauti zikapanda mpaka mjomba akapiga makofi: "Presha, wazee, presha!" Mwisho Mzee wa Kalemie akanyamaza, halafu akasema baba yake alimweleza kwamba hata ile reli ya Kalemie, iliyofika ziwani mwaka 1915, mwanzoni ilikuwa ya mita moja. Iliongezwa upana miaka ya 1950. "Basi tuweke ya mwanzo," akasema, "hapo wote tuko sawa." Hesabu hiyo nimeifundisha darasani, na watoto wameielewa kuliko mfano wowote wa kitabuni.

Safari mbili mdogo wangu alipeleka matatu na matatu. Safari ya tatu akatoa kwenye mfuko mabehewa mawili. Wazee wakayageuza, wakasoma tarehe. Kati ya tarehe ya kwanza na ya pili kulikuwa na wiki nane. Mama alikuwa ameambiwa nyumbani kwamba sindano imechomwa. Mimi pia. Kumbe siku ile alifika mpaka kwenye foleni, akamsikia mtoto mwingine akilia ndani, akageuka.

Nilitaka kusema neno, mjomba akanizuia kwa jicho. Hakuna aliyemgombeza. Mzee wa Kalemie aliyapanga mabehewa yote nyuma ya kichwa cha treni, na pale palipokosekana moja akaacha nafasi wazi. Akabonyeza swichi. Kichwa kikaondoka na yale ya mbele. Behewa la mwisho likabaki limesimama peke yake kwenye kona ya ubao.

Mdogo wangu akaliangalia. Akauliza, "Je, nikitengeneza sasa hivi?"

Mzee wa Kigoma akamjibu, "Bati unaweza kulikata leo, binti yangu. Ila tarehe huwezi kuandika ya uongo chini yake, sisi tutajuaje moyo wako uko wapi? Iliyopita imepita. Inayokuja usiikose." Halafu akamweleza habari ya kulala amekaa. Na yule kijana wa vali ya chuma akamwambia: yeye akiwa mtoto hakupata sindano hizo, hakuna aliyejua ugonjwa wake, ndiyo maana alifika kwenye kisu. Sasa anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande kila siku saa ileile, maisha yake yote. Anapimwa damu mara kwa mara. Hata sombe na lengalenga anakula kwa kiasi kilekile, maana akizidisha ghafla nguvu ya dawa inapungua. Dawa za maumivu hanunui dukani hivihivi, zinaweza kumtoa damu. "Sindano inauma siku mbili," akamwambia. "Mimi kifua changu kilifunguliwa."

Ni kweli siku hizi upasuaji unafanyika hata Kigali. Tangu mwaka 2008 madaktari wa Team Heart kutoka Marekani wamekuwa wakija kupasua kwenye hospitali ya King Faisal na wenyeji. Tunashukuru. Lakini wanaohitaji ni wengi kuliko nafasi, na kisu si mahali pa kumpeleka mtoto ambaye sindano ingemtosha.

Sindano iliyofuata alichomwa. Sikumsindikiza, alikataa, alisema anakwenda mwenyewe. Jioni alikuwa amekaa mlangoni, paja limenyooshwa, mkasi mkononi, anakata bati. Tarehe aliichonga kwa nguvu mpaka msumari ukatoboa upande wa pili. Ile nafasi iliyoachwa haijazibwa. Wazee wameunganisha mabehewa pande zote mbili kwa waya mrefu, na waya huo umekatazwa kufupishwa.

Wazazi wenzangu, nina maneno matatu. Mtoto akilalamika koo na ana homa, msimpe chai ya tangawizi tu mkanyamaza, mpelekeni zahanati apimwe. Mtoto mwenye sindano ya kila wiki nne, andikeni tarehe mahali ambapo watu wa nyumba wote wanaiona. Na sisi wakubwa wenye presha, tupunguze chumvi na vile vipande vya kuungia mchuzi, na tutafute mtu wa kutuhesabia vidonge.

Kuanzia mwezi ujao, kila Jumamosi baada ya masomo, darasa langu litakuwa wazi saa nane. Mwenye sindano aje na kopo, mwenye vidonge aje na pakiti yake. Mkasi na misumari nitaleta mimi. Wazee wa Nyakabanda wameahidi kututumia mota moja, lakini wamesema wanataka kwanza kuona tarehe.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.