Tamthilia saa tatu, gari hakuna tangu saa moja



Wiki hii hatuandiki juu ya lesi wala hina. Tuna neno la tivii na neno la gari, na kwetu sisi mafundi maneno hayo mawili yanakaa nyumba moja.

Tuanze na tamu. Jumatatu mpaka Ijumaa, tukishasali isha na kuondosha sahani, tunakaa mbele ya tivii na sinia la shanga mapajani. Tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili tunaziangalia kama watu wenye deni. Mama mkwe mwenye vituko akitokeza tu, nyumba nzima inamsonya, hadi watoto. Wapo wanaosema ni kupoteza muda. Pengine. Lakini mikono yetu haikai bure: kola moja ya shanga humalizika kwa sehemu mbili za tamthilia, usingizi haujatufika. Na biashara hutoka humo humo. Ilipokuwa ikioneshwa Sultan, kila bibi harusi alitaka mikono ya gauni inayoachia kuanzia kiwikoni, kama ya mabibi wa kasri la Istanbul. Tulishona mpaka migongo ikatuuma, na si haba, tulipata.

Kisiwani tivii ni ya zamani, msisahau. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, na Bara wakasubiri mpaka 1994. Mama zetu hujisifu kwa hilo utadhani waliinunua wao.

Sasa chungu. Kabla ya tamthilia kuna taarifa ya habari saa mbili, na humo ndimo tunamoyaona mabilioni: barabara, vituo, tepe zinazokatwa. Hatukatai kizuri. Lami tunaipita na tunashukuru. Kituo cha Kijangwani tunakitumia, na kina utaratibu kuliko zile vurugu tulizozizoea Darajani, ingawa mwenye marobota ya satini begani ana lake la kusema kuhusu ule mwendo wa kutoka madukani. Lakini kila utepe ukikatwa tunaulizana swali lile lile: gari itakayoondoka hapo saa mbili usiku ni ya nani, na nani ataigharamia ikiondoka na watu watano?

Maana gari zetu, iwe 502 ya Bububu au 116 ya Nungwi, ni za watu binafsi. Dereva hupewa gari kwa hesabu: jioni ampelekee mwenye gari kiasi walichopatana, mafuta juu yake, kinachobaki agawane na utingo. Mtu wa namna hiyo hawezi kwenda Bumbwini baada ya magharibi na abiria wanne, kisha arudi mjini na viti vitupu. Hatumlaumu, sisi tungefanya vivyo hivyo. Kwa hiyo hata zege likimwagwa kisiwa kizima, safari ya usiku haizaliwi. Dar es Salaam wamejionea: mwendokasi ilianza 2016, njia zake zikajengwa na vituo vyake vikajengwa, na watu wameendelea kugombea milango kwa sababu mabasi hayatoshi. Na msicheke, hata sisi tulikuwa na treni, kuanzia 1905, maili saba kutoka mjini mpaka Bububu. Bibi wa leo hata hakuiona.

Linalotuuma ni hili. Tulikuwa na binti kutoka upande wa Bumbwini, na mkono kama wake kwenye shanga hatujaupata tena. Nauli ya kwenda na kurudi elfu mbili, na jioni bodaboda ya kumfikisha kwao elfu moja. Siku ishirini na sita za kazi ni elfu sabini na nane. Hiyo alikuwa akiivumilia. Lakini wiki za mwisho kabla ya Ramadhani harusi zinafuatana, kazi inakwenda mpaka isha, na saa hiyo gari ya shamba hakuna. Inabaki pikipiki ya kijana asiyemjua, njia nzima, kiza, pindo la buibui likicheza na gurudumu. Hapo hatuzungumzii stara peke yake, tunazungumzia shingo. Baba yake akasema basi, na alisema kweli. Sasa anashona kwao, anapunguza suruali za skuli na kutia zipu. Mikono ile!

Na si yeye tu. Muuguzi anatoka zamu ya jioni, mpishi wa hoteli anatoka usiku, anayeuza urojo anafunga meza. Wengi wao wanawake.

Tulilisema hili kwenye mkutano wa shehia. Kila mradi wa usafiri ukiletwa mbele ya wananchi, utajwe na safari zake: ngapi kwa siku, ya mwisho inaondoka saa ngapi, nani analipa pengo. Fungu dogo la kuwalipa wenye gari safari mbili za usiku kwa kila njia ya shamba, iondoke ijae isijae, na viti vya mbele viwe vya wanawake. Mzee mmoja akatwambia hayo ni mambo ya Ulaya. Tukamuuliza, na zege ni la wapi? Bajeti husomwa Chukwani kila mwaka. Wawakilishi wanawake tunao, na wengine magauni yao tumeyashona sisi, kwa hiyo simu zao tunazo.

Kwa sasa tumejipangia wenyewe. Shanga zinakwenda Bumbwini kwa gari ya asubuhi ndani ya kopo la maziwa, utingo anazishusha dukani kwa mjomba wake binti, na kola zinarudi Alhamisi. Yeye anatia shanga mbele ya tivii ya kwao, sisi mbele ya yetu, na tamthilia ikiisha anatupigia simu tubishane kuhusu yule mama mkwe.