Nilipomwona Pono

Tangu shule ya msingi nimezipamba insha zangu kwa "usingizi wa pono"; hata tasnifu yangu ya uzamili inahusu taswira za bahari. Hata hivyo, mimi ni mzaliwa wa bara, na bahari niliijua vitabuni tu.

Mwaka jana, kisiwani Wasini, mvuvi mmoja mzee alinivisha miwani na mrija, akanishika mkono, tukaingia majini kutoka ufuoni. Nilipozamisha uso, hofu ilinibana kifua. Pumzi ilipotulia, nilimwona samaki wa samawati akiguguna mwamba kwa mdomo mfano wa kasuku.

"Ni nani yule, mzee?" niliuliza tulipoibuka.

"Pono, mwanangu. Huguguna mwamba, akanya mchanga. Usiku hulala fofofo hata mkono humshika."

Niliona haya. Mzee akanisimulia pia habari za mwaka 1998, bahari ilipopata joto, matumbawe mengi yakapauka na kufa.

Matumbawe yakitoweka, pono naye ataondoka, na msemo wetu utabaki ganda tupu. Wahakiki wenzangu, tushuke majini. Miaka yote hiyo, aliyelala usingizi wa pono ni mimi.