Nyundo Kabla ya Chaki

Wengi mmeniuliza: Bruda ni nani, na ikiwa ameacha kuoa, mbona haadhimishi Misa kama Padre? Swali hilo mimi nami nalimwuliza Mlezi wetu, tena kwa hasira.

Nalikuwa novisi. Naliondoka nyumbani baba yangu hajaridhika, maana mimi ni mwanawe wa pekee. Aliniambia, "Ukienda, jina langu atalitaja nani?" Nikamwacha akilia. Nalidhani nitapewa vitabu; kumbe nalipewa nyundo, nitengeneze madawati ya shule. Nikapigilia misumari mwezi mzima kwa manung'uniko. Hata siku moja nikaitupa nyundo, nikasema, "Sikumwacha baba yangu ili niwe seremala."

Mlezi hakunikemea. Aliketi karibu nami, akanisimulia habari za Padre Marcellin Champagnat wa Ufaransa. Mwaka 1816 aliitwa kwa kijana mgonjwa, akamkuta hajui habari za Mungu, kwa kuwa hakufundishwa. Kijana akafa muda mfupi baadaye. Padre alihuzunika sana, na tarehe 2 Januari 1817, huko La Valla, akawakusanya vijana wawili. Huo ndio mwanzo wa Mabruda Wamaristi. Walikuwa maskini, wakafua misumari na kuiuza wapate chakula, huku wakijifunza kusoma na kufundisha.

"Mikono ile," akasema Mlezi, "haikuona haya kuushika mkono wa mtoto ajifunzaye herufi. Padre ana kazi yake altareni. Bruda amewekwa kwa ajili ya mtoto huyo."

Nikaiokota nyundo.

Kwa sheria ya Kanisa unovisi haupungui miezi 12. Nilipoumaliza, naliweka nadhiri za kwanza za ufukara, useja na utii, kisha nikapelekwa kusomea ualimu. Siku ya nadhiri baba yangu alikuja. Hakusema neno la kuniridhia. Aliingia darasani, akashika dawati nililolitengeneza, akalitikisa kwa nguvu, halikutikisika. Akasema, "Limeshika." Neno hilo moja nalilipokea kama baraka.

Enyi wazazi, mwana wenu akiitwa na Mungu, msimfungie mlango. Nanyi vijana mnaoitwa, msiyasahau machozi mnayoyaacha nyumbani; yaombeeni kila siku, kwa maana wazazi nao wametoa sadaka yao.