Upande wa Nyuma wa Kidani



Mwaka alioolewa mdogo wangu nilikuwa Uingereza na mume wangu. Pesa ya dhahabu sikuwa nayo, nikaona nimtengenezee kidani kwa mkono wangu. Nikajiunga na darasa la jioni la enameli.

Enameli ni kioo kilichosagwa kuwa unga. Unaunyunyiza kwa chujio juu ya shaba nyekundu, unaiingiza kwenye tanuri la nyuzi 800 hivi, na baada ya dakika mbili tatu unga umeyeyuka na kushikana na shaba. Wengi tunaijua ile laini inayong'aa. Wasanii wa siku hizi wanajaribu mengine. Wapo wanaoitoa motoni mapema, punje hazijayeyuka zote, uso ukabaki unakwaruza kama sukari. Mwalimu alituonyesha pia picha za kazi za June Schwarcz wa California, aliyeanza enameli mwaka 1954. Yeye alichukua shaba nyembamba kama karatasi, akaikunja marinda na kuishona kama nguo, akaiongezea unene kwa umeme, ndipo akaitia enameli. Mimi mtoto wa fundi cherehani, moyo ukanasa hapo hapo.

Nikatengeneza kidani changu: uso wa punje, kijani cha bahari ya asubuhi. Nyuma sikupaka kitu. Nani ataona? Nikakiacha mezani kipoe. Mara nikasikia "tik!" Enameli imepasuka, vipande vinaruka.

Mwalimu akanieleza kwamba shaba ikipoa husinyaa zaidi kuliko kioo. Ukipaka upande mmoja tu, shaba na kioo hushindana mpaka kioo kinavunjika. Ndiyo maana fundi hupaka na nyuma, pande mbili zivutane sawa. Masonara wa Jaipur, India, huupamba upande huo unaogusa ngozi kwa maua ya enameli, ingawa anayeyajua ni mvaaji peke yake.

Usiku ule nililia, na si kwa ajili ya shaba. Kwa miezi mitatu mimi na mume wangu tulikuwa hatusemezani ila mbele ya wageni. Picha nilizotuma nyumbani, zote tunacheka. Mama akipiga simu: "Hatujambo, Alhamdulillah." Nilikuwa nimepaka mbele tu.

Aliporudi kazini nikamwambia yaliyokuwa moyoni. Hayakwisha siku ile. Lakini tulizungumza mpaka alfajiri, tukaswali pamoja, jambo ambalo tulikuwa tumeliacha.

Kidani cha pili nilikipaka pande zote mbili, na nyuma nikaweka ua dogo la asumini. Nikaja nacho Unguja. Nilipokuwa namvisha, mdogo wangu akakigeuza.

"Dada, mbona umepamba na huku? Nani ataona?"

"Wewe," nikamjibu. "Na Mwenyezi Mungu."

Bi harusi mtarajiwa, unapohesabu hina, nguo na mpiga picha, tenga pia siku moja ukae na mchumba wako, wazee wakiwepo, mzungumzie yasiyopigwa picha: nani atalipa nini, na mkikosana mtarudianaje kusemezana. Na wewe uliyekwisha olewa ukajiona kama mimi wakati ule, anza usiku huu, hata kwa salamu tu.

Allah azitie baraka nyumba zetu, ndani kabla ya nje. Aamin.