Akiba Yataka Mkaguzi



Wahenga walisema akiba haiozi. Ama kwa kumbukumbu zilizowekwa ndani ya kompyuta, methali hii yataka nyongeza: haiozi, maadamu yupo wa kuikagua.

Sisi tulio ugenini tuna sababu kubwa ya kulifikiri jambo hili, kwani aila zetu zimegawika pande mbili za bahari. Vyeti vya ndoa, hati za mashamba na picha za mababu huwekwa nakala moja hapa Sydney, na ya pili kwa jamaa walioko Unguja, Mombasa au Maskati. Kazi ya kupeleka nakala tumeikabidhi mashine, na kila upande hulala ukiamini kwamba upande wa pili umepokea. Je, umepokea kweli?

Makampuni makubwa hufanya vivyo hivyo. Huwa na makundi mawili ya kompyuta za hifadhi, yaitwayo klasta, katika miji miwili, na kila linaloandikwa katika klasta ya kwanza hurudufishwa katika ya pili. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni klasta ya awali kungoja jibu la mwenziwe kabla ya kuendelea. Ni salama, lakini masafa huichelewesha. Nuru ndani ya uzi wa kioo hukata takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Sydney hadi Unguja ni zaidi ya kilomita 11,000. Hivyo kwenda na kurudi huzidi sehemu ya kumi ya sekunde, na mashine huandika mara maelfu. Kwa hiyo penye masafa marefu hutumika njia ya pili: huandikwa kwanza, nakala ikafuata nyuma. Hapo ndipo penye hatari. Kiungo kikikatika kimyakimya, klasta ya mbele huendelea na kazi kama kwamba hapana lililotokea, na pengo la sekunde huwa la siku.

Kijana mmoja wa jamaa zetu hufanya kazi ya usiku katika jengo la hifadhi huko Eastern Creek, magharibi ya mji. Nilimuuliza anakesha akifanya nini. Akanijibu, "Mwalimu, nauliza maswali manne tu. Kiungo kingali hai? Nakala ya mwisho ilifika lini? Iliyofika ni sawa na iliyotumwa? Na huku kukiungua usiku huu, ya kule itafunguka?"

Maswali hayo si ya bure. Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab, urudufishaji ulibaki nyuma, na fundi aliyekuwa akiutengeneza akafuta data kwenye mashine kuu badala ya ile ya pili. Walipokimbilia nakala za akiba, waligundua kuwa zile za kila siku hazikuwa zikifanyika. Barua za kuonya zilikuwa zikitumwa, lakini zilikataliwa njiani zisimfikie mtu. Kilichowaokoa ni nakala aliyoichukua mfanyakazi kwa mkono saa sita hivi kabla.

Hapa Australia, mwezi wa Mei 2024, mfuko wa pensheni wa UniSuper ulikuwa na hifadhi yake katika maeneo mawili ya Google Cloud. Kosa moja la mpangilio likasababisha usajili wake wa huduma hiyo kufutwa, na maeneo yote mawili yakafutika pamoja. Miongoni mwa vilivyousaidia kunusurika ni nakala nyingine zilizokuwa kwa mtoa huduma mwingine. Tuzingatie basi: kiungo kizima hupeleka hata kosa kwa uaminifu ule ule.

Mwezi huo huo, tarehe 12 Mei, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Waya ukisharekebishwa, mazungumzo hurudi. Lakini kurudi kwa mazungumzo si ushahidi kwamba nakala zilizokwama nazo zimefika.

Mimi ninayo sauti ya marehemu mama yangu, iliyorekodiwa katika kanda mwaka 1978, akisimulia nasaba yetu. Waliokuwa naye chumbani siku ile wote wametangulia mbele ya haki. Hapana wa kuisimulia tena. Imekwishaingizwa katika kompyuta, na nakala iko kwa mpwa wangu Unguja. Kila mwanzo wa mwezi humpigia simu, nikamtajia dakika yoyote inijiayo, naye huifungua na kuniambia bibi anamtaja nani hapo. Akinitajia jina nililo nalo mimi, moyo wangu hutulia.

Kulinganisha si jambo geni kwetu. Katika Hadithi sahihi tumesoma kuwa Jibril alikuwa akidurusu Kurani na Mtume (S.A.W.) mara moja kila mwaka, na mara mbili katika mwaka wake wa mwisho. Nao wanakili wa miswada ya Kiarabu walikuwa na desturi ya kuisoma nakala mbele ya asili yake, kisha kutia alama pambizoni pale walipofikia. Hawakuona uchovu, kwani walijua thamani ya walichokibeba.

Basi kila mpatapo jarida hili, pigeni simu moja. Msiulize, "Picha mnazo?" Mtajibiwa ndiyo kwa nia njema. Ombeni ifunguliwe moja mliyoichagua nyinyi, na msomewe kilichoandikwa nyuma yake. Na nakala ya tatu iwekwe pahala ambapo mashine ya kwanza haipafikii.

Wabillahi tawfiq.