Kukopa si Kuazima

Kiswahili kina maneno mengi yaliyo ndugu, na ndugu wafananapo sana hata mzazi huwakosea majina. Miongoni mwao ni kukopa na kuazima. Mwaka 1996 kosa hilo lilitupata sisi wenyewe hapa Tinde, ikutanapo njia ya Nzega na zile za Kahama na Shinyanga. Nalo halijatutoka moyoni.

Wakati huo tulikuwa tukishika kazi ya ukarani. Mzee mmoja alitujia, akatuomba tumwandikie hati kwamba amempa jirani yake maksai mmoja wa kulimia, hadi mwisho wa kilimo. Mzee alisema kwa Kisukuma. Kiswahili kilikuwa chetu. Tukaandika kuwa jirani "amekopeshwa maksai mmoja", tukajiona tumeandika vema.

Kilimo kikaisha. Jirani akaja na ng'ombe mwingine, mchanga, asiyejua nira. Yule wa kwanza alikwisha kumwuza mnadani. Wazee wa usuluhishi walipoisoma hati, akajitetea: "Nilikopeshwa, nami nimelipa, ng'ombe kwa ng'ombe." Neno hilo tulimpa sisi.

Tofauti yenyewe ni hii. Kitu cha kukopa hutumika kikaisha, kama fedha, unga au chumvi. Mkopaji hulipa kingine kilicho sawa nacho. Kitu cha kuazima hubaki mali ya mwenyewe, nacho hurudi chenyewe: jembe, baiskeli, kitabu. Ndiyo maana methali yasema, "Kukopa harusi, kulipa matanga", haisemi kurudisha. Kiingereza hakitengi hivyo: "borrow" hubeba kukopa na kuazima pia. Chenyewe hutenga watu: apokeaye ni "borrow", atoaye ni "lend". Kwetu mtoaji huazima na mpokeaji huazima. Basi mwanafunzi afasiriye neno kwa neno hukosea kwenda na kurudi.

Tulikiri kosa letu mbele ya wazee, lakini maksai alikuwa hapatikani tena. Mzee alimpokea yule mchanga, kisha akatuambia kwa upole: "Mwanangu, maksai wangu nilikuwa nikimwita jina, anakuja. Huyu wa kalamu yako haitiki."

Enyi walimu, msahihishapo daftari, msilipite neno kwa kuwa linakaribia maana. Huenda siku moja mwanafunzi huyo akashika kalamu kwa niaba ya mtu asiyejua kusoma.